Tangi la Mama Kalondu na Sauti ya Mjomba

Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, najua, lakini kustaafu si mvi. Kustaafu ni siku mkubwa wako anapokuita ofisini na kukuambia kazi imeisha. Mimi niliitwa na mwalimu mkuu mwenyewe. Aliishika rekoda yangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyemshika panya kwa mkia, akaniambia nichague: hilo dude au mtihani wa Kidato cha Nne. Kabla sijafungua mdomo akaifungia kabatini. Kwa hiyo tumestaafu wawili, mimi na rekoda, na rekoda ndiyo iliyopata chumba kizuri.

Nawaandikia kwa sababu juzi niliwasikia pale kwenye mifereji mkifua soksi na kugombana. Nusu yenu mlisema mwimbaji akivuma ni sauti yake, Mungu alimpa, prodyusa ni wa kubonyeza vitufe tu. Nusu mkasema bila prodyusa hata mwenye sauti ya malaika ataimbia mbuzi mpaka azeeke. Mmoja wenu, simtaji jina ila ana kidonda kwenye goti, alimmwagia mwenzake maji ya sabuni kwa ajili ya hoja hiyo. Ningewajibu palepale, lakini mtu wa Kidato cha Tatu hafundishi akiwa ameshika ndoo ya kuoshea choo. Sasa nimekaa. Someni.

Kazi yenyewe, ya uprodyusa, niliifanya likizo sita mfululizo, kule kwetu Kikima. Msanii wangu alikuwa mmoja tu: Mjomba Nzioki, ndugu mdogo wa mama yangu. Mjomba huziba pancha za baiskeli sokoni, na wateja wakisubiri gundi ikauke, huwapigia gitaa. Wako waliokuwa wakitoboa magurudumu yao wenyewe ili wamsikie. Hiyo sikuiona kwa macho, lakini naiamini.

Mtauliza ilikuwaje mtu mzima akubali kuongozwa na msichana wa shule. Mimi naitwa Nthenya, na Nthenya lilikuwa jina la nyanya yangu, mamake Mjomba. Ninyi wenye majina ya nyanya zenu mnajua raha yake. Tangu nikiwa na nepi Mjomba ananiita Mwaitu, yaani mama. Nikimwambia kaa, anakaa. Nikimwambia rudia ubeti wa pili, anarudia. Nani atambishia mamake? Nyanya mwenyewe alifariki nilipokuwa darasa la saba, na tangu hapo cheo chote nimebaki nacho mimi.

Basi babu alikuwa amempa Mjomba muda mpaka Krismasi. Apate santuri ya kweli, yenye jina lake katikati, au gitaa litundikwe ukutani na yeye aende Mombasa kwa kaka yake bandarini, akabebe magunia. Mjomba hakuitaka bandari. Aliwahi kuiona bahari mara moja, akarudi akisema ni maji mengi yasiyomfaa mtu mwenye kiu. Shida ni kwamba prodyusa wa Nairobi hapandi milima ya Mbooni kumtafuta fundi wa baiskeli. Lazima kaseti imtangulie. Hapo ndipo nilipoajiriwa, au niseme nilipojiajiri.

Nianze na makosa yangu, maana ya wengine nimeyasahau. Kosa la kwanza lilikuwa betri. Betri zetu zilikuwa zimechoka, tukazianika juu ya bati kama kila mtu anavyofanya, nikaziuma kidogo, zikapata nguvu ya kuzungusha kaseti polepole. Nikarekodi wimbo mzima, nikapeleka kwa fundi Mulwa anayetengeneza redio pale sokoni, aniwekee kwenye mashine yake yenye betri mpya. Kaseti iliyorekodiwa polepole ikichezwa kwa mwendo wake, sauti hukimbia. Mjomba akatoka akiwa msichana wa darasa la pili aliyebanwa kidole na mlango. Watu walisimama nje ya duka wakiuliza huyo mtoto ni wa nani, na kwa nini analia kwa Kikamba kizuri hivyo. Mjomba alikuwa palepale ameshika pampu. Akasema hamjui.

Fundi Mulwa ndiye mwalimu wangu, na hakuwahi kunisifu hata siku moja. Alinifundisha kukaza utepe kwa penseli, kufuta kichwa cha rekoda kwa pamba yenye spiriti, na kuifunika maikrofoni kwa sponji ya godoro ili pumzi isilipuke. Alinifundisha pia jambo ambalo kwaya ya kanisa haifai kulijua. Kaseti za mahubiri wanazogawa wamisheni zimevunjwa vijino viwili vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Ukizijaza zile nafasi kwa karatasi iliyotafunwa, kaseti inakubali dhambi yoyote. Nilikuwa na kaseti moja ya namna hiyo. Ndiyo iliyobeba kila kitu ninachowasimulia.

Kosa la pili ni kurekodi nyumbani. Jogoo wa babu alikuwa na sikio la muziki: hakuwika popote ila kwenye kiitikio. Tulimfungia chini ya kapu akawika kwa besi. Tulimpeleka kwa jirani akarudi kabla ya ubeti wa tatu. Fundi Mulwa aliisikiliza ile kaseti mpaka mwisho, akaniambia nimpe jogoo gitaa na Mjomba nimweke chini ya kapu.

Sasa tangi. Wale mliotoka upande wa chini mnajua likizo ya mwezi wa nane ilivyo: tangi limekauka, na kabla ya mvua ya Novemba lazima lifagiliwe. Mama Kalondu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliojenga tangi kubwa la saruji kwake, wakibeba mchanga mgongoni safari kwa safari. Kila mwaka huchagua mtoto mwembamba wa kuingia kwa mlango mdogo wa juu na kushuka kwa ngazi. Mwaka ule mwembamba nilikuwa mimi. Unaoshwa miguu kwanza kama bibi harusi, unakatazwa kutema mate, unapewa ufagio.

Nikiwa chini vumbi likaniingia puani, nikapiga chafya. Ile chafya haikuondoka. Ilizunguka ukuta, ikanirudia imenenepa, ikazunguka tena. Nilisimama na ufagio wangu nikijua nimepata studio.

Nilimwambia Mama Kalondu tunahitaji mahali patulivu pa kufanyia mazoezi ya kwaya. Akasema kwaya ni sawa, lakini hawezi kunywa maji yaliyoimbiwa nyimbo za dunia. Nikamwapia. Mungu anisamehe, na nyinyi msifanye hivyo, angalau si kwa Mama Kalondu.

Mjomba alioshwa miguu akashuka na gitaa. Mimi nikashuka na rekoda, na chupa ya soda ya kugonga kwa msumari. Wimbo ulikuwa wa mamake. Zamani Mjomba akichunga mbuzi, nyanya alikuwa akisimama ukingoni jioni na kumwita kutoka ng'ambo ya bonde. Kwenye wimbo yeye ndiye anayejibu, akiwa amechelewa miaka yote hiyo: mama, mbuzi wamefika, mimi ndiye nimebaki njiani. Mbele ya duka la Mulwa ulikuwa wimbo mzuri. Ndani ya tangi kila mstari ulipokwisha ukuta uliuchukua na kuurudisha, kama kwamba ng'ambo ya bonde kuna mtu. Nikamwamuru Mjomba asikimbie, akimaliza mstari anyamaze, aliachie tangi liseme, ndipo aendelee. Akasema, "Sawa, Mwaitu." Turudie? Turudie. Mara ya kumi na moja nikasema imetosha.

Kulikuwa na doa moja tu. Wimbo ulikuwa mfupi kuliko mahubiri. Ulipokwisha, pale pale mhubiri alitokea katikati ya sentensi na kuuliza kwa sauti kali: je, wewe uko tayari? Sikuweza kumfuta bila kuula mwisho wa gitaa. Nikamwacha.

Mulwa aliicheza kaseti dukani. Dereva wa lori la viazi akaomba nakala, na nakala ikazaa nakala. Wiki tatu baadaye tukasikia inapigwa mjini Sultan Hamud, kwenye maduka ya barabarani, na kwamba watu wakifika mwisho hupaza sauti pamoja: je, wewe uko tayari? Walidhani ni sehemu ya wimbo. Wakasema mwimbaji ana sauti ya watu watatu.

Hapo kichwa changu ndipo kilipoanza kufura. Mtu akimsifu Mjomba, nasema ni mimi. Akisifu sauti, nasema ni tangi, na tangi ni mimi. Mnajua katika nyimbo zetu kuna mahali gitaa hukimbia peke yake na mwimbaji husalimu watu kwa majina: aliyemwazima viatu, mwenye baa, na wa kwanza kabisa prodyusa. Nilimwambia Mjomba kwamba siku ya santuri jina la kwanza liwe langu, tena alitaje mara mbili. Alikuwa ameinama akikaza spoku za gurudumu la mwalimu mmoja. Nikaongeza, na ninaandika maneno yangu kama yalivyokuwa:

"Bila mimi, Mjomba, wewe ni gundi na pampu."

Akazungusha gurudumu, akalitazama kama limenyooka.

"Sawa, Mwaitu."

Nikadhani nimeshinda.

Kisha, likizo ya Novemba, habari ikaja kutoka Sultan Hamud. Prodyusa mmoja wa Nairobi, mtu wa kwao Kitui, ameisikia kaseti na anamtaka mwimbaji Jumamosi, nyuma ya duka la rafiki yake. Tulikwenda. Prodyusa alikuwa na tumbo la heshima na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitupokea kwa kuuliza je, wewe uko tayari, akacheka peke yake. Kile chumba kilikuwa na magunia ya mbaazi na maharagwe mpaka darini. Fundi Mulwa angetuonya, lakini sikumwuliza, kwa kuwa wakati huo sikuwa mtu wa kuuliza: magunia hula sauti kama mchanga unavyokunywa maji.

Mjomba akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza. Akangoja. Hakuna aliyejibu. Mstari wa pili, akanyamaza, macho yakizunguka ukutani. Nilianza kutoka jasho kwenye nyayo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuliachia tangi nafasi, na nilimfundisha vizuri mno. Tangi lilikuwa Kikima, nafasi zilikuwa hapa, na mbaazi hazikusema neno.

Prodyusa akainua mkono.

"Kijana, unasahau maneno?"

Mjomba akasema hapana.

"Basi mwenye sauti ya kwenye kaseti yuko wapi? Mniletee yeye."

Alidhani tumemletea mtu mwingine. Mjomba akanigeukia. Haikuwa hasira, ningeipenda hasira. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mama aliyesema atajua la kufanya. Nikasimama nikaeleza habari yote, ufagio, chafya, chupa ya soda, nikijipa sifa hata wakati ule, kwa mazoea. Prodyusa alisikiliza huku akifuta miwani. Akasema Jumanne ana safari ya kumwona shangazi yake upande wa Mbooni, atapita Kikima na mashine yake. Tumwonyeshe hilo tangi. Kama hakuna tangi, tusimtafute tena.

Sasa hesabuni siku. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumapili nilipiga magoti kanisani nikawa mtu wa kwanza tangu Ukambani kuumbwa kuomba mvua isinyeshe. Mungu aliona aibu kwa niaba yangu. Jumatatu alasiri ikashuka mvua ya kwanza, ya kupiga bati kama mawe. Wenzangu walitoka nje na sufuria wakiimba. Mimi nilikaa chini ya meza nikisikiliza paa la Mama Kalondu likiijaza studio yangu.

Jumanne asubuhi maji yalikuwa yamefika kifuani. Akina mama wa kikundi walikuwa wamekusanyika kuona maji mapya, kila mmoja na kikombe chake, wakiyaonja kama waamuzi. Prodyusa akafika na mashine begani, akasema anataka kuingia kwenye tangi. Mama Kalondu akamuuliza kama huko Nairobi watu huingia kwenye maji ya kunywa na suruali. Mlango wa tangi ukafungwa kwa mdomo wake, na ule haufunguki.

Nikakata shauri. Nikapanda juu, nikafunua kifuniko, nikamwambia Bwana Prodyusa hakuna haja ya kuingia, akae pale juu asikie mwenyewe. Nikatia kichwa ndani ya tundu na kuimba ule wimbo wa nyanya, kwa nguvu zangu zote, ili aone kazi yangu.

Wadogo zangu, tangi lilinirudishia kila kitu. Ikiwa umewahi kumsikia mbuzi aliyeanguka kisimani, mzidishe mara nne. Mwanamke mmoja alikuwa akikinga maji chini, na alisema baadaye sauti ilitokea kwenye mfereji, akaacha kikombe akakimbia. Nilipotoa kichwa, akina mama walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Prodyusa aliivua miwani.

"Tangi ni zuri sana, binti," akasema. "Ulichokitia ndicho hakifai."

Nilishuka ile ngazi polepole kuliko nilivyowahi kushuka kitu chochote. Njiani nilielewa, na ninawapa bure: tangi halina sauti. Linarudisha ulichokitia, mara mbili, kiwe kizuri au kibaya. Miezi mizima nilikuwa nimeisifu saruji.

Prodyusa alianza kufunga mashine yake, shangazi anangoja. Nikamshika mkono. Nikamwambia kosa la Sultan Hamud si la Mjomba, ni langu, mimi ndiye nilimzoesha kunyamaza. Amsikilize mara moja tu, hapa nje, na zile nafasi asizihesabu. Sikuwahi kusema sentensi ndefu hivyo bila kujitaja kwa uzuri. Prodyusa akasita, akaitegesha maikrofoni juu ya jiwe la kufulia. Akamwuliza Mjomba, safari hii bila kucheka:

"Je, wewe uko tayari?"

Mjomba akaimba. Mama, mbuzi wamefika, mimi ndiye nimebaki njiani. Akanyamaza, maana hakujua tena kutonyamaza. Nikafumba macho kuungoja ule ukimya wa mbaazi.

Mama Kalondu akaujibu. Alikuwa jirani wa nyanya miaka yote ile, alimsikia akiita kila jioni. Hakuimba, aliita tu kama marehemu alivyokuwa akiita, kwa sauti ya kuvuka bonde:

"Nzioki ee, njoo, uji unapoa."

Mjomba hakukosa waya hata mmoja. Akaingia mstari wa pili, akaacha nafasi, na safari hii wakamwita wawili. Mstari wa tatu waliita wote, na vikombe vyao mkononi, wanawake waliobeba ule mchanga mgongoni. Wimbo ulikuwa umengoja watu wa kuujibu na mimi nilikuwa nimeupa ukuta. Niliigonga ile chupa yangu ya soda kwa adabu. Prodyusa hakusogea mpaka mwisho. Kisha akasema akina mama hawa wote watakuja Nairobi, na kama hawaji, basi mashine itarudi hapa.

Mashine ilirudi Kikima. Santuri ikatoka kabla ya Krismasi, jina la Mjomba likiwa katikati. Babu ameitundika ukutani kwenye msumari aliokuwa ameupigilia kwa ajili ya gitaa.

Mama Kalondu hakusahau. Siku ileile alinivuta pembeni akaniuliza kama hiyo ndiyo kwaya niliyomwapia. Tangu hapo nalifagia tangi peke yangu, kila mwaka, hata ninenepe vipi. Na nikilifagia hufikiri juu ya ugomvi wenu wa soksi. Prodyusa ni mfagiaji wa tangi. Mvua haileti yeye. Ila asipofagia, mvua nzuri kabisa itanyesha na nyote mtakunywa vyura. Mpeni sifa za ufagio, si za mvua. Na mfagiaji akianza kujiita wingu, mwambieni aimbe.

Limebaki moja. Santuri ilipopigwa redioni mara ya kwanza, nilikuwa hapa shuleni, sikio kwenye ukuta wa chumba cha walimu. Gitaa likafika mahali pa kukimbia peke yake. Mjomba akamsalimu Mama Kalondu na kikundi chake, mmoja mmoja. Akamsalimu fundi Mulwa na penseli yake. Akamsalimu dereva wa lori la viazi. Akamsalimu jogoo wa babu, ambaye tulishamla. Nikangoja. Akaurudia ubeti, na wimbo ukaisha.

Siku ya wazazi kututembelea alikuja, kwa baiskeli, na kifurushi cha avokado na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, bado moto. Nilikula avokado la kwanza nikalimaliza. Ndipo nikamwuliza, hata jogoo, Mjomba? Hata jogoo, na si mimi?

Alishangaa kweli, kama nimemwuliza kwa nini hajavaa kofia miguuni.

"Mwaitu," akasema, "mama hasalimiwi redioni kama wateja. Mama unamwendea."

Akakaa nami kwenye nyasi mpaka kengele ya saa kumi. Kisha akapanda baiskeli na kuanza ile safari ya kurudi Mbooni, ambayo karibu yote ni mlima.